Sahani ya Saba

Mazungumzo ya redio, kipindi cha asubuhi. Masomo: Ezekieli 4:9–17, Yohana 21:1–17

Sisi ni akina mama na wazee wachache wa ushirika mmoja ulio chini ya milima ya Iveti, hapa Machakos, na asubuhi hii tumepewa nafasi tuzungumze nanyi juu ya jambo lililotupata kanisani kwetu. Twajua wengine wenu mnasikiliza huku mkichochea moto wa chai, na wengine mko njiani kwenda sokoni. Msiache kazi zenu. Jambo lenyewe lahusu sufuria na sahani, na mwaweza kulisikiliza vizuri mkiwa jikoni.

Katika makanisa yetu tumefundishana sana kushukuru, na ni vyema. Mtu akisimama kutoa ushuhuda husema, "Bwana asifiwe. Mimi nimeokoka, nampenda Bwana, sina mengi." Kisha huketi. Lakini sisi tulio wazee tumekaa na watu hawa miaka mingi, na twajua kwamba yule asemaye hana mengi mara nyingi anayo mengi mno. Ana mtoto aliyezikwa, ana hasira juu ya ndugu yake, ana neno alilolifanya zamani na hajapata mtu wa kumwambia. Anakosa mlango wa kuyatolea. Nasi viongozi, tukiona machozi yameanza kumtoka, twaanzisha pambio haraka haraka. Sijui kama ni kwenu pia, lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa.

Katika ushirika wetu kuna mama mmoja mzee. Sisi twamwita Susu, kama vile watoto wote wa kijijini wamwitavyo bibi yao, wala jina lake hatutalitaja. Yeye mwenyewe alitupa ruhusa akasema, "Waambieni, lakini jina langu liacheni nyumbani." Susu huyu anakaa na mwanawe na mkaza mwanawe. Mwaka juzi yule mkaza mwana alikuja kwetu akilalamika. Alisema Susu anaficha chakula. Alikuta chapati zilizokauka chini ya kitanda, mahindi ndani ya soksi, na sukari imefungwa katika kitambaa nyuma ya masanduku. Ufunguo wa ghala huulalia. Wajukuu wakiketi kula, yeye huhesabu sahani kwa kidole, mara mbili, mara tatu, hata wageni wakaona aibu. Wala si nyumba yenye shida. Mwana ana kazi na ghala halijakauka.

Twaungama mbele yenu kwamba tulikwenda kwa Susu na kumwombea juu ya uchoyo. Tulimsomea juu ya ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna. Akatusikiliza kwa adabu, akatupa chai, akahesabu vikombe, nasi tukaenda zetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali.

Baadaye kidogo, kijana wetu mmoja aliyesomea ualimu alituletea habari ya namna ya mchezo wa kuigiza ambao watazamaji hawaketi tu kama magunia. Mtu wa Brazil aliyeitwa Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009, aliutumia huko Peru mwaka 1973, katika kazi ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Waigizaji huonyesha shida fulani mpaka mahali pabaya, kisha husimama. Ndipo watazamaji huulizwa, je, ninyi mngefanyaje? Hapo kwanza watazamaji walisema tu, nao waigizaji wakafanya walivyoambiwa. Lakini Boal alisimulia kwamba siku moja mama mmoja hakuridhika. Mume wake alikuwa akimwomba fedha mwezi baada ya mwezi kwamba anajenga nyumba yao, akimpa makaratasi ambayo aliyaita stakabadhi. Mama hakujua kusoma. Siku alipompa jirani amsomee, kumbe zilikuwa barua za mapenzi za mwanamke mwingine! Waigizaji wakaonyesha mke anamwonya mume, mke analia, mke anasamehe. Kila mara yule mama akasema, hapana, sivyo. Mwisho Boal akamwambia, njoo basi uonyeshe mwenyewe. Mama akapanda jukwaani, akamkamata yule mwigizaji maskini, akampiga kwa ufagio kweli kweli. Alipochoka akaketi mezani akamwagiza aende jikoni amletee chakula chake cha jioni.

Akina mama wetu waliposikia habari hii walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mmoja hakucheka. Alisema kanisa si mahali pa michezo, tena si mahali pa ufagio. Na kweli hatukumshauri mtu yeyote apige mtu. Lakini tulitazama kile alichokiomba mama yule baada ya hasira yake yote. Aliomba kupakuliwa. Labda kwa miaka mingi ni yeye aliyempakulia mtu yule, na moyo wake ulikuwa umekwama pale pale penye sahani.

Nchini kwetu pia watu wa kawaida wamewahi kufanya mchezo na kuurekebisha wenyewe. Mwaka 1977 kule Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa lao la wazi, wakaigiza kwa Kigikuyu mchezo wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, huku wakiwasahihisha waandishi walipokosea lugha na maisha yao. Ulifunguliwa mwezi wa Oktoba, ukakatazwa mwezi wa Novemba, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Watu wengi wa kanisa hawakuupenda mchezo ule kwa kuwa uliwasema vibaya Wakristo matajiri. Labda tungalisikiliza zaidi kabla ya kukasirika. Hayo tuyaache, maana tulitaka kuzungumza juu ya Susu.

Yule mzee wetu asiyecheka alituuliza swali la haki: imeandikwa wapi? Tukarudi kwenye Maandiko, na hatukuhitaji kutafuta mbali. Nabii Nathani alipokwenda kwa Daudi hakuanza kwa kumhukumu. Alimpa hadithi ya mwana-kondoo, akamwacha Daudi aingie ndani yake mpaka akatoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Wana wa Israeli nao walipewa mboga chungu waile usiku wa Pasaka, ili uchungu wa Misri usibaki maneno matupu, na watoto wao waulize maana yake.

Lakini Ezekieli ndiye aliyetukalisha kimya. Mungu alimwagiza aonyeshe kuzingirwa kwa Yerusalemu kwa mwili wake mwenyewe mbele ya watu. Alichora mji juu ya tofali. Alilala ubavu mmoja siku 390 na ubavu wa pili siku 40. Alichanganya nafaka za kila namna na jamii ya kunde katika chombo kimoja, akafanya mkate wake humo. Sisi watu wa Ukambani twajua maana ya chungu cha namna hiyo. Mtu huchanganya kila kitu siku ambayo hakuna kitu kimoja kinachotosha. Naye alipimiwa shekeli ishirini kwa siku, chini ya robo kilo, na maji kwa kipimo. Tena angalieni, alipoambiwa apike kwa moto wa mavi ya wanadamu nabii alikataa, akamlalamikia Mungu juu ya chakula chake, naye Mungu akamsikia, akampa mavi ya ng'ombe badala yake. Hakuambiwa kwamba mtumishi wa Mungu hanung'uniki. Mzee wetu alisoma sura ile mara mbili, akakunja Biblia yake akasema, "Haya. Pikeni."

Basi Jumamosi moja baada ya mavuno ya mwaka jana tukapika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria moja kubwa, tukaiweka katikati ya ukumbi wa kanisa juu ya mafiga yasiyo na moto. Tulitunga mchezo mfupi juu ya nyumba moja yenye ugomvi wa chakula. Tulificha ficha. Katika mchezo wetu mwenye ufunguo alikuwa shangazi, na nyumba ilikuwa ya Kangundo. Lakini nani hakujua? Hilo lilikuwa kosa letu la pili, na twalisema ili wengine wasilirudie. Mtu asiigizwe mbele ya watu kabla ya kuulizwa.

Mchezo ulipofika pale shangazi anapofunga ghala watoto wakilia, mmoja wetu akapiga kofi, waigizaji wakasimama kama miti. Tukauliza, nani angefanya vingine? Wa kwanza kusimama alikuwa bibi arusi wa juzi juzi, akamnyang'anya shangazi ufunguo akakimbia nao mpaka nje ya ukumbi. Watu walipiga vigelegele. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa kanisa. Huyu alimhubiria shangazi juu ya ukarimu, mambo matatu, na kabla hajamaliza jambo la pili wale waigizaji wa watoto walikuwa wameshaifikia sufuria na kuanza kula. Hata yeye alicheka.

Kisha Susu akasimama.

Alitembea polepole mpaka penye sufuria. Hakumtazama shangazi wala ufunguo. Aliomba kata. Tulikuwa na upawa wa bati, lakini yeye alitaka kata ya kibuyu, na mama mmoja akakimbia nyumbani kwake karibu akaileta. Susu akasema, "Nataka watoto saba." Wakaketi saba sakafuni, wengine wakiwa watu wazima wenye wajukuu, na wa saba, kwa sababu nafasi ilikuwa karibu naye, alikuwa ni yule mkaza mwanawe. Susu akawaambia wote wafumbe macho kwa kuwa ni usiku.

Akaanza kuwaamsha mmoja mmoja. Alimgusa bega, akaweka kidole mdomoni pake, akampakulia nusu kata. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watu walikuwa wangali wakitabasamu. Alipofika wa sita alikwaruza chini ya sufuria kwa kata, ingawa sufuria ilikuwa imejaa. Sauti ile ya kukwaruza kila mtu wa umri wetu aliyekuwa ukumbini aliitambua, na kicheko kilikatika. Kwa wa saba hakumgusa bega. Aliigeuza kata juu chini, akaiweka sakafuni mbele ya sahani tupu, akatuambia sisi wote kwa sauti ndogo, "Huyu alikuwa amelala."

Wapendwa, ninyi mlio vijana labda hamjui mwaka 1984. Mvua za masika zilikosa, na Wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa bado pamoja na Makueni, ilikauka. Serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka nchi za nje, nasi tukayala. Watu wetu wana desturi ya kuzipa njaa majina. Ile ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, miaka michache baada ya wamishenari wa Africa Inland Mission kufika Nzaui mwaka 1895, huitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya mwaka 1965 ni ya Atta, kwa sababu ya unga ulioletwa. Na njaa ya mwanzo wa miaka ya 1980 huitwa Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa nikiwa nimeshika, yaani fedha ziko mkononi na chakula hakipo cha kununua. Tazameni jina hilo, jinsi lilivyo neno la mtu mmoja ajisemeaye mwenyewe. Taifa zima lililihifadhi neno hilo moja kama jina, lakini mtu mmoja mmoja hakupata mahali pa kusema lake.

La Susu lilikuwa hili. Alikuwa na watoto saba. Aliye mdogo, binti wa miaka mitatu, alikuwa amedhoofika sana kwa ugonjwa, na usiku mmoja chakula hakikutosha. Mama akachagua. Aliwaamsha sita kimya kimya, wale aliodhani wataishi. Asubuhi mkubwa wao aliuliza kwa nini mdogo hakula, naye akasema alikuwa amelala. Mtoto yule alifariki baada ya siku chache. Wote walisema ni surua. Labda ni surua kweli. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua. Kwa miaka arobaini amehesabu sahani.

Hakusema haya yote pale ukumbini. Pale alisema yale maneno matatu tu, na mengine alitusimulia baadaye, kidogo kidogo, siku nyingi. Tulitaka kuomba, tukashindwa. Yule mzee wetu mpinzani alikuwa amefunika uso kwa kofia yake. Nasi tuliokuwa tumekwenda kumwombea juu ya uchoyo, hatukujua mahali pa kutia macho yetu.

Aliyefanya neno la kufaa alikuwa ni yule mkaza mwana. Alikuwa bado ameketi, macho amefumba, sahani tupu mbele yake. Akafumbua macho akasema, "Mwaitu, nimeamka." Hatukumfundisha. Susu alimtazama muda mrefu. Kisha akaichukua ile kata, akaigeuza, akampakulia, akampakulia tena, mpaka isyo ikamwagika sakafuni, naye hakuacha. Mwisho mkaza mwana alimshika mkono, wakaketi chini wote wawili, wakala katika sahani ile moja.

Tulipofika nyumbani tulisoma Yohana sura ya 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu penye moto wa makaa. Bwana aliyefufuka hakumwita kando kumwuliza habari za usiku ule. Aliwasha moto wa makaa ufuoni, akaoka samaki, akawaita waje wale. Ni baada ya kula tu ndipo alipomwuliza neno moja, mara tatu, karibu na moto wa namna ile ile. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu. Tulikuwa tumeisoma sura hii mara nyingi bila kuwahesabu wanafunzi waliokula asubuhi ile. Jioni ile tuliwahesabu. Walikuwa saba.

Tusije tukawadanganya kwamba mambo yote ni mazuri sasa. Susu bado anaficha chapati. Ufunguo bado huulalia, ila siku nyingine humpa mjukuu wake mmoja, na tumeambiwa hilo ni jambo kubwa. Kilichobadilika nyumbani mle ni kwamba hakuna anayecheka akihesabu sahani. Mwanawe, ambaye alikuwa mmoja wa wale sita, sasa humhesabia pamoja, kwa sauti, na wakifika sita husema "na saba," wakaweka sahani ya saba, na yeyote apitaye mlangoni huila.

Tena, tulipojaribu mchezo mara ya pili, tulimharakisha mama mwingine. Tulimwona machozi tukadhani ni mlango umefunguka, tukamvuta mkono aje mbele. Alitoka nje, na kwa miezi miwili hakuonekana ibadani. Tulikwenda kwake tukaomba msamaha bila kubeba Biblia ya kumsomea wala swali la kumwuliza. Tulibeba unga na majani ya kunde. Alipokea, akatupikia ugali na mboga ile ile tuliyoileta, tukala. Hajatuambia neno lolote mpaka leo, nasi hatumwulizi. Amerudi kanisani, huketi karibu na mlango.

Kwa hiyo tumekubaliana mambo machache. Hakuna anayevutwa mkono. Lisemwalo penye sufuria hubaki penye sufuria, isipokuwa mwenyewe ametoa ruhusa, kama Susu alivyofanya kwa ajili yenu leo. Mchungaji na wazee huketi sakafuni na watu, wala hawapewi viti vya mbele. Na chakula hupakuliwa sawa kwa wote, aliyesema na asiyesema. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa, nasi mzee wetu mpinzani ndiye aliyepewa kazi ya kuangalia sahani. Anaifanya kwa ukali sana.

Wenye nafasi mnakaribishwa. Tutakutana tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, baada ya watu kutoka sokoni. Tutapika muthokoi na mbaazi, kwa hiyo wenye vinu na michi waje mapema asubuhi kutusaidia kutwanga. Kila mmoja aje na sahani yake. Kata atailetea Susu.